Nachingwea: Reli Isiyokutana na Mzigo Wake

Chukua ramani ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki iliyochapwa katikati ya miaka ya 1950. Jicho litakimbilia kwanza mistari mirefu: ule wa Mombasa unaopanda Nairobi hadi Uganda, ule wa Tanga kwenda Moshi, na Reli ya Kati inayoikata Tanganyika kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma na Mwanza. Sasa shuka kusini, karibu na Mto Ruvuma. Pale pana mstari mfupi uliokaa peke yake. Unaanzia Mtwara baharini, unaingia bara, unakoma Nachingwea, na haugusi mstari mwingine wowote wa ramani ile.

Tafuta tena ramani ya reli ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Mstari haupo.

Reli ya Jimbo la Kusini, kama ilivyoitwa, ilijengwa kwa ajili ya zao moja na mji mmoja. Zao lilikuwa karanga. Mji ulikuwa Nachingwea, uliopimwa na kujengwa na shirika la karanga kwa ajili ya shirika hilo. Karanga hazikuja. Baadaye ulikuja mzigo mwingine, mwingi kweli, lakini siku ulipokuja mataruma yalikuwa yameshang'olewa. Ili kuelewa jambo hilo lilivyotokea, inabidi kurudi nyuma ya ramani yenyewe kwa miaka hamsini hivi.

Ardhi iliyoonekana tupu, 1905–1945

Kusini ya Tanganyika haikuwa na reli kubwa wakati wa Wajerumani. Wao walifikisha reli ya kaskazini Moshi mwaka 1911 na Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914. Kwa kusini walichora tu njia ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na mchoro ukabaki mchoro. Sababu za kusitasita kwao zilikuwa nyingi, na mojawapo waliitengeneza wenyewe.

Julai 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Umatumbi, vikasambaa kusini kote. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, likateketeza maghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wa Tanzania wamekadiria kwamba jumla ya waliokufa inafika kati ya 250,000 na 300,000. Nchi ya Wangindo na sehemu za nchi ya Wamwera zilibaki na watu wachache mno, pori likarudi, na pamoja na pori wakarudi mbung'o na tembo.

Kabla watu hawajapumua ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana Mahiwa, katika bara ya Lindi, kwenye moja ya mapigano makali zaidi ya vita vile hapa Afrika Mashariki. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma mwezi uliofuata, akaacha nyuma yake nchi iliyokombwa chakula na wapagazi. Wakati wa vita ilitandikwa reli nyembamba ya vitoroli kutoka upande wa Lindi kuingia bara. Baada ya vita nayo ilikuja kufa.

Utawala wa Waingereza uliendeleza hali ile kwa njia ya utulivu zaidi. Pori la akiba la Selous lilipanuliwa hatua kwa hatua, na Wangindo waliobaki Liwale wakahamishwa na kukusanywa pamoja kwa hoja ya malale. Kwa hiyo mtu aliyepita juu ya nchi hii kwa ndege mwaka 1946 aliona pori lisilo na moshi wa jiko kwa kilomita nyingi. Aliona kweli. Hakuona tu ni nani aliyeliondoa jiko lile.

1946: Hesabu ya angani

Uingereza ilishinda vita vya pili ikiwa na njaa ya mafuta. Siagi, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa kwa mgawo, na India, iliyokuwa ikiuza mbegu za mafuta, sasa ilihitaji chakula chake yenyewe. Katika majira hayo Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipita Tanganyika, akaja na wazo la kulima karanga kwa mashine katika ardhi isiyokaliwa. Alilipeleka London, na serikali ya chama cha Labour ikalipokea kwa mikono miwili. Waziri wa Chakula, John Strachey, ndiye aliyekuja kulibeba bungeni.

Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walitumia wiki tisa, sehemu kubwa ya kazi wakiifanya kutoka angani. Wakarudi na hesabu iliyonyooka kama rula: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Gharama ingekuwa pauni milioni 24 kwa miaka sita, na mavuno yangefika tani 600,000 kwa mwaka.

Sehemu kubwa ya mashamba ya Tanganyika ilipangiwa Jimbo la Kusini, kwenye nyanda za nyuma ya Lindi. Huko mvua ilikuwa bora kuliko ya maeneo mengine yaliyopendekezwa, na udongo ulilimika. Hapa ujumbe haukukosea sana; wakulima wa kusini walikuwa wakipanda karanga zao kwa jembe la mkono miaka yote. Kasoro ilikuwa moja tu. Hapakuwa na bandari ya kupokea matrekta wala reli ya kuyapeleka, na hata barabara iliyostahimili masika haikuwepo. Ili karanga za kusini zitoke, ilibidi kwanza kujenga gati la maji marefu pwani na reli ya kutoka huko mpaka mashambani. Kazi hiyo ingechukua miaka, na London haikuwa na subira ya miaka.

Uamuzi uliofuata ndio uliopanga mengine yote. Serikali ilisema kazi ianze mara moja mahali ambapo reli ilikuwepo tayari, huku ya kusini ikijengwa. Reli ilikuwepo katikati ya nchi. Mahali penyewe pakawa Kongwa, Ugogoni.

1947–1949: Kongwa yatangulia

Kongwa ilichaguliwa kwa sababu ya treni. Mvua ilikuja nyuma katika mizani ile, na Wagogo, ambao wameishi na ukame vizazi na vizazi, hawakuwa na kiti kwenye meza ya mpango. Tawi la reli lilivutwa kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati. Matrekta yaliyobaki vitani yalinunuliwa kutoka Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa, na yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa imeshafurika. Vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi migumu iliyosukwa chini ya ardhi, mibuyu ilikuwa na nyuki waliowakimbiza madereva, na udongo wenye mfinyanzi ulikauka mvua ilipokatika, ukabana karanga ndani yake hata majembe ya mashine yakashindwa kuzing'oa.

Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Kabla mwaka 1947 haujaisha, zaidi ya nusu ya matrekta yalikuwa yamelala gereji. Mwaka huohuo mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisafiri kwa njia ya reli na kuwafikia wafanyakazi wa Kongwa. Watu walikuwa wamekusanywa kwa maelfu mahali ambapo maji, nyumba na chakula havikutosha, na mishahara ilikuwa midogo.

Machi 1948 United Africa Company ilikabidhi kazi kwa chombo kipya cha serikali ya Uingereza, Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Jambo moja zuri la wakati ule halikumbukwi sana. Mafundi Waafrika wa mpango walipelekwa kujifunza Ifunda, Iringa, kwenye majengo yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, na kituo hicho kikazaa shule ya ufundi ya Ifunda ambayo Watanzania wengi wanaijua bila kujua kwamba nayo ina damu ya karanga.

Kongwa ilimeza fedha. Kila pauni iliyotengenezea trekta Ugogoni ilikuwa pauni iliyopungua kwa Jimbo la Kusini, na kila msimu ulioharibika Ugogoni ulipunguza imani ya Bunge la London kwa mpango mzima, ikiwemo ile sehemu yake ambayo haijaanza. Kusini ilihukumiwa kwa kesi ya Kongwa.

1948–1954: Tuta, mataruma na gati

Wakati hayo yakiendelea, kusini palikuwa na kazi ya kweli. Wapimaji walizunguka pwani kutafuta bandari. Lindi, makao makuu ya jimbo, ilikuwa na maji mafupi. Mikindani ilikuwa mji wa kale wa majahazi, mahali David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, lakini ghuba yake haikufaa meli kubwa. Jirani yake palikuwa na ghuba ya Mtwara, yenye mlango mwembamba na maji marefu yaliyotulia. Mtwara ya wakati ule ilikuwa vijiji vya wavuvi. Ikachaguliwa.

Gati la Mtwara lingechelewa, na shirika lilitaka vifaa vifike Nachingwea sasa. Kwa hiyo palitengenezwa bandari ya muda Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ambako matishari yalileta mizigo kutoka meli zilizotia nanga nje. Reli ikaanzia hapo. Ilikuwa ya geji ya mita, sawa na reli nyingine za Tanganyika, ingawa hazikuwa na njia ya kukutana nayo. Tuta lilifuata bonde la Lukuledi, likapita Ruo, likapanda taratibu kuelekea nyanda za Nachingwea. Manamba walitoka vijiji vya Wamwera, Wamakua na Wamakonde, wengine wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji ya Wareno kutafuta mshahara. Sambamba na reli likaja bomba la mafuta kutoka pwani, la kuyanywesha matrekta ambayo yangekuja kwa mamia.

Mwishoni mwa 1949 treni ilifika Nachingwea. Majira yaleyale London ilikuwa ikiupunguza mpango. Zile ekari zaidi ya milioni tatu zikashushwa hadi kama 600,000. Novemba Bunge lilijadili kwa hasira hesabu za shirika ambazo wakaguzi hawakuweza kuzithibitisha, na Wakefield mwenyewe, mtu aliyeuandika mpango, akaondolewa kwenye bodi pamoja na John Rosa, mmoja wa wenzake wawili wa ujumbe wa 1946. Plummer alifuata mwaka 1950. Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango umekwisha na kwamba pauni milioni 36 zinafutwa vitabuni.

Mtu angetegemea kazi ya reli isimame hapo. Haikusimama. Njia ya kutoka Mtwara hadi Ruo iliendelea kujengwa, na mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga kuzikwa, bandari ya Mtwara ilifunguliwa ikiwa na gati lake la maji marefu, na treni zikaanza kwenda moja kwa moja kutoka meli hadi Nachingwea, safari ya zaidi ya kilomita 200. Njia ya muda ya Mkwaya haikuwa na kazi tena. Ilikuwa kama kununua tandiko la fahari baada ya punda kufa.

Sababu za kuendelea zinaeleweka, hata kama hazipendezi. Mikataba ilikuwa imeshasainiwa na vyuma vilikuwa vimeshashushwa. Utawala wa kikoloni nao ulitumaini kwamba reli ikiwepo, maendeleo yataitafuta. Na pengine hakuna afisa aliyetaka jina lake liandikwe kwenye waraka wa kusimamisha gati lililofika nusu. Makao makuu ya jimbo yalihamishwa kutoka Lindi kwenda Mtwara, na Lindi, mji wenye misikiti mikongwe na wafanyabiashara wa vizazi, ikaanza kunyauka. Hasara hiyo haimo katika zile milioni 36.

Mji wa shirika

Nachingwea ya shirika ilipangwa na watu walioamini kwamba wanajenga mji mkuu wa jimbo zima la kilimo. Palikuwa na uwanja wa ndege, hospitali, karakana na kiwanda cha mbao kilichokula miti iliyoangushwa mashambani. Barabara za ndani zilikuwa pana kuliko magari yaliyokuwepo. Makazi yalitenganishwa kwa rangi na cheo, kama ilivyokuwa katika kila mji wa kikoloni, isipokuwa hapa kila kitu kilikuwa mali ya mwajiri: nyumba, taa, maji, duka, kitanda cha hospitali. Mtu akiachishwa kazi alipoteza vyote kwa siku moja.

Mashamba yalipewa namba. Nchi ile ilikuwa na majina yake ya mito, vilima na vijiji vilivyokufa na vilivyo hai, lakini ofisi ilihitaji hesabu rahisi. Shamba namba fulani lipelekewe mbegu, shamba namba fulani lina trekta bovu. Wazungu walipoondoka, baadhi ya namba hizo zilibaki midomoni mwa wenyeji kama majina ya mahali. Moja kati yake ingejulikana mbali kuliko Nachingwea yenyewe, na tutaifikia.

Baada ya 1951 mashamba yaliyosafishwa yaligeuzwa kuwa ya majaribio. Mwaka 1955 Shirika la Chakula la Ng'ambo lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Hili lilifanya kazi kwa kiasi zaidi. Lilijaribu mahindi, soya na mifugo, likawapa wakulima Waafrika mashamba ya kupanga chini ya usimamizi wake. Urambo, kambi ya tatu ya mpango wa karanga, iligeukia tumbaku na ikafanikiwa. Mpaka leo Urambo ni wilaya ya tumbaku. Kongwa iligeukia ng'ombe, na tawi lake la reli likaondolewa. Nachingwea haikupata jibu la haraka namna hiyo.

Reli inayotafuta mzigo

Treni ya Jimbo la Kusini ilibeba nini, basi? Ilibeba mbao, mkonge wa mashamba ya karibu na pwani, ufuta, muhogo, na korosho ambazo wakulima wa Makonde na Masasi walikuwa wameanza kupanda kwa bidii. Ilibeba watu waliokwenda hospitali ya misheni ya Ndanda na waliokwenda pwani kutafuta kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaongezwa tawi la kwenda Masasi, mji wa shule na misheni wenye wakulima wengi zaidi kuliko Nachingwea. Kwenye ramani za miaka hiyo mstari wa kusini unaonekana una mkono wa pili. Ndio wakati reli ile ilipokuwa ndefu kuliko wakati wote, na ndio wakati ilipokuwa karibu na kifo.

Mizigo ya namna hii ilikuwa ya msimu. Miezi michache mabehewa yalijaa, miezi iliyobaki yalisukumwa yakiwa nusu. Malori ya wafanyabiashara wa Lindi na Masasi yaliingia kijijini, yakachukua magunia mlangoni kwa mkulima na kuyapeleka pwani bila kuyashusha stesheni na kuyapakia tena. Reli iliyojitenga na nyingine ina gharama zake za pekee. Kichwa cha treni kikiharibika hakiwezi kuvutwa mpaka karakana kubwa. Vipuri vyote husafiri kwa meli. Reli ya Dar es Salaam iliweza kuazima mabehewa Tabora. Mtwara haikuwa na wa kumwazima.

Shirika la Reli na Bandari lilijua hayo tangu mwanzo, ndiyo maana lilitaka serikali ibebe hasara ya njia ile. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, serikali changa ya Tanganyika ilirithi deni la ndoto ambayo haikuwa yake. Ilikuwa na walimu wa kuajiri, zahanati za kujenga, na fedha kidogo. Njia ikafungwa, na kabla ya katikati ya muongo kupita vyuma viling'olewa. Reli ya Nachingwea iliishi miaka kama kumi na mitatu tu.

Ni rahisi kuilaumu serikali ya Uhuru kwa kung'oa reli, na watu wa kusini wamefanya hivyo mara nyingi katika mazungumzo ya vijiweni. Mimi siioni hatia hapo. Kwa vitabu vya mwaka ule uamuzi ulikuwa sahihi. Ubaya ni kwamba vitabu vya mwaka mmoja havisomi mti unaochukua miaka kadhaa kuzaa.

Shamba namba 17

Juni 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vya kuikomboa Msumbiji vikaanza. Tanzania ilikubali kuwa nyuma ya mstari wa mbele. Jeshi jipya la wapiganaji lilihitaji mahali penye majengo, uwanja wa ndege na ardhi pana, palipo karibu na Ruvuma lakini si mpakani hasa. Kulikuwa na mahali pamoja kusini palipojengewa maelfu ya watu ambao hawakuja kamwe.

Mwaka 1965 kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilifunguliwa Nachingwea, kwenye shamba la zamani la karanga lenye namba 17. Wenyeji waliliita na wanaendelea kuliita Farm 17. Samora Machel alipanda vyeo akiwa huko na akaisimamia kambi kabla ya kuwa kiongozi wa chama. Josina, aliyekuja kuwa mke wake, alipata mafunzo huko. Wapiganaji walijifunza silaha asubuhi na kulima mchana, na ardhi iliyowashinda maafisa wa London iliwalisha. Kongwa nayo ilipata maisha ya pili ya aina ileile, ikapokea wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine kuanzia 1964. Majengo na viwanja viwili vikubwa vya mpango wa karanga viliishia mikononi mwa watu waliopigana kuuondoa ukoloni. Hilo halikuwemo katika hesabu ya Wakefield.

Historia ya Farm 17 ina pia kurasa nzito. Mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji, wapinzani wa uongozi wa FRELIMO, akiwemo Uria Simango aliyekuwa makamu wa rais wa chama, walisimamishwa hadharani Nachingwea na kusomewa makosa. Baadaye waliuawa. Mwezi Mei mwaka huo Machel alianza safari yake kutoka Ruvuma hadi Maputo, na kambi ikakamilisha kazi yake.

Miaka yote hiyo kumi chakula, silaha na majeruhi vilipita kwa malori. Masika yalipogeuza barabara kuwa tope, lori lilitumia siku nyingi kwenye njia ambayo treni ingeimaliza kwa siku moja.

Korosho

Mkorosho hauna haraka. Unapandwa leo, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, unafika ukubwani baadaye zaidi. Mikorosho iliyopandwa kusini kwa wingi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mingi ikiwa ya wakulima wadogo wenye ekari chache, ilikuwa bado michanga wakati mhasibu wa reli alipofunga daftari. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, na sehemu kubwa sana ya hizo ilitoka Mtwara na Lindi. Tanzania ikahesabiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Huo ndio uliokuwa mzigo wa reli: mwingi, mkavu, unaohimili safari, unaokwenda bandarini Mtwara kwa ajili ya meli. Tuta lilikuwa limeota nyasi.

Baada ya kilele kile zao lilianguka. Operesheni ya vijiji iliwaondoa wakulima karibu na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, na bei ya mkulima ikawa duni. Lilianza kupanda tena miaka ya 1990 kwa kutumia salfa, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 ukabadilisha namna ya kuuza. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, na baadaye barabara ya lami ikaiunganisha kusini na Dar es Salaam mwaka mzima. Lilikuwa jambo la kheri kwa abiria. Kwa bandari ya Mtwara lilikuwa pigo, kwa kuwa sasa korosho ziliweza kupakiwa Masasi na kwenda kupanda meli Dar es Salaam, umbali wa mamia ya kilomita, huku gati lenye maji marefu likiwa jirani. Wakuu wa mkoa na wabunge wa kusini walililalamikia hilo miaka mingi.

Serikali ina mpango wa reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kilomita 1,000 hivi, pamoja na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Umechorwa na kuchorwa tena tangu karne hii ianze. Safari hii mzigo umetajwa kabla ya reli, ambayo ni hatua mbele ya 1946, ingawa chuma na makaa hayo bado yako chini ya ardhi.

Hadi leo mikoa ya Lindi na Mtwara haina hata kilomita moja ya reli inayobeba abiria au mizigo.